Ford 5000 Kuukuu: Tusome Chuma Kabla ya Kuamini Stika

Ndugu watazamaji, trekta mnaloliona hapa nyuma yangu liliuzwa likiitwa Ford 5000 la mwaka 1974. Rangi yake ya buluu imepulizwa upya, stika zinang'aa, na mtu mwenye haraka angeamini alichoambiwa. Nawaomba tuziweke kando stika hizo, kwa sababu boneti hushikiliwa na bolti chache tu na huweza kuhamishwa kutoka trekta moja hadi jingine bila shida yoyote.

Kuhusu modeli sina shaka. Matrekta ya 2000, 3000, 4000 na 5000 yalitoka pamoja mwaka 1964, na katika hayo manne ni 5000 pekee lenye injini ya silinda nne. Hesabuni pamoja nami mabomba ya dizeli yanayotoka kwenye pampu kwenda kwenye nozeli: moja, mbili, tatu, nne. Hapo tumemaliza.

Kazi yenyewe ni mwaka. Sogezeni macho hapa karibu na stata, mahali palipofunikwa na grisi iliyogandamana na vumbi. Nimepasugua kwa brashi ya waya na mafuta ya taa, nikapaka chaki na kuifuta juujuu, na sasa tarakimu zilizogongwa kwenye chuma zinajitokeza kwa weupe: 8C14B. Tarakimu ya kwanza ni tarakimu ya mwisho ya mwaka, herufi inayofuata ni mwezi, kisha siku, na herufi ya mwisho ni zamu ya wafanyakazi. A ni Januari, B ni Februari, C ni Machi; mkifika Septemba kumbukeni kwamba herufi I imerukwa ili isichanganywe na moja, kwa hiyo Septemba ni J. Trekta hili basi liliunganishwa tarehe 14 Machi, mwaka unaoishia na 8. Hauwezi kuwa 1978, kwa kuwa kufikia wakati huo 5600 na 6600 zilikuwa zimeshachukua nafasi ya 5000. Ni 1968. Namba ya mfululizo iliyo jirani inaanza na B, maana yake lilitoka Basildon, Uingereza. Namba hiyo ingeanza na A, trekta lingekuwa la Antwerp, Ubelgiji, na C ni la Marekani.

Kuna mtego mmoja ambao umewapoteza mafundi wazuri sana. Kwenye vipande vikubwa vya chuma mtakuta namba zilizotokeza zinazoanza na C5NN, C7NN au D na tarakimu yake. C ni miaka ya 1960, D ni miaka ya 1970, lakini huo ni mwaka kipuri kilipobuniwa, nacho kiliweza kuendelea kutengenezwa kwa miaka mingi baadaye. Tarehe ya kumiminwa kwa chuma huandikwa peke yake, kwa ufupi. Hapa kwenye nyumba ya ekseli ya nyuma pameandikwa 8C6, yaani tarehe 6 Machi 1968, siku nane kabla ya trekta kuunganishwa. Vinaoana vizuri kabisa.

Sasa njooni kwenye bloku ya injini, mniangalizie taratibu: 2K21. Tarehe 21 Oktoba 1972. Chuma hiki kilimiminwa zaidi ya miaka minne baada ya trekta kutoka kiwandani, kwa hiyo injini hii siyo iliyozaliwa nalo.

Silikatai trekta kwa sababu hiyo. Injini inawaka vizuri na ekseli haina mlio. Ninachokitaka ni kwamba mwenye nalo aandike tarehe mbili kwenye daftari lake, ya trekta na ya injini. Injini za mwanzo za 5000 zilikuwa na ujazo wa inchi za ujazo 233, na kipenyo cha silinda kilikuwa inchi 4.2, kuanzia mwaka 1968 ujazo ukapanda hadi 256 na kipenyo kikawa inchi 4.4. Akiagiza pistoni kwa kufuata Machi 1968 anaweza kuletewa zile ndogo, zikapwaya ndani ya silinda za bloku hii ya 1972. Kwa hiyo kabla ya kuagiza afungue kichwa cha injini na kupima kipenyo chenyewe.