Uzoefu wangu na huduma ya kumasta albamu: walitufutia neno moja

Nyota moja. Naiweka mwanzoni kabisa kusiwe na utata. Nitajitahidi kutenda haki huko mbele, lakini naandika nikiwa nimetoka kuusikiliza wimbo wa nne sasa hivi na mikono bado inanitetemeka.

Kwa asiyejua, kumasta ni hatua ya mwisho ya albamu. Mmesharekodi, mmeshamiksi, yaani kuchanganya sauti na ala zote pamoja, kila wimbo una faili yake. Fundi anazipitia zote, anazilinganisha ili zisikike kama watoto wa nyumba moja, anapanga kimya kati ya wimbo na wimbo, kisha kazi inatoka. Mnalipia sikio la mtu wa nje, ambaye hajachoshwa na nyimbo zenu. Sisi ni bendi ndogo ya pop, hatuna lebo, na pesa ya hatua hiyo tuliichanga wanne, kila mtu mfukoni mwake, baada ya ile ya studio kuisha.

Albamu ina nyimbo 10. Ngoma tulizirekodi studio kwa siku mbili, kwa sababu ngoma zinataka chumba kizuri na maiki nyingi, na sisi hatukuwa na kimoja wala kingine. Yaliyobaki tuliyafanya chumbani kwangu. Sauti nyingi niliziimba nikiwa ndani ya kabati la nguo, mlango nimeurudisha nusu, makoti yamenizunguka, maana nguo hunyonya mwangwi na sauti inatoka kavu, karibu na sikio la msikilizaji. Gitaa la wimbo wa saba tulilirudia mpaka mpiga gitaa akakataa kuongea nasi kutwa nzima.

Wimbo wa nne ndio uliotushinda. Kila tulipourekodi kipande kwa kipande kwa kufuata metronomu, kile kifaa cha kugonga mapigo, ulikufa mikononi mwetu. Usiku mmoja tukaachana na utaratibu. Tukakaa wote wanne chumba kimoja, maiki mbili tu, mpiga ngoma akitumia brashi badala ya vijiti ili asitufunike, tukaupiga mara moja toka mwanzo hadi mwisho. Kabla hatujaanza, kiti cha mpiga gitaa kililia, mimi nikavuta pumzi, na mpiga ngoma akauliza kwa sauti ya chini: "Tayari?"

Basi, ni hilo tu, sekunde tatu hivi. Tulipousikiliza tukatazamana. Rafiki yetu aliyetumiksia naye akasema pale pasiguswe.

Miezi michache baadaye mpiga ngoma aliondoka kwenye bendi. Sababu zake ni zake. Nataka tu msomaji ajue kwamba neno lile ndilo mahali pekee kwenye albamu nzima ambapo sauti ya mdomo wake inasikika.

Tukatuma faili za biti 24, ubora wa studio, tumeacha nafasi ya desibeli 6 juu ya kilele cha sauti kama walivyotaka wenyewe, pamoja na karatasi ya maelezo. Humo niliandika kwa herufi kubwa: WIMBO WA 4, MWANZO USIKATWE. Waliahidi siku tano. Zikageuka wiki tatu za simu zisizopokelewa. Kazi iliporudi, wimbo wa nne ulianza moja kwa moja na gitaa. Kiti hakipo, pumzi haipo, neno halipo. Pamefagiwa.

Nikapiga simu. Nilianza kwa adabu: samahani fundi, naona mwanzo wa wimbo wa nne umekatika, labda ni bahati mbaya. Akasema si bahati mbaya. "Ile ilikuwa takataka, dada. Nimewasafishia." Nikamwambia tuliandika pasikatwe. Akajibu kwamba yeye maelezo hayasomi mpaka amalize kazi, ili masikio yake yasipotoshwe. Nikamuuliza, sasa umemaliza, umeyasoma? Kimya kidogo. Kisha akasema maneno ambayo nimelala nayo na kuamka nayo tangu siku hiyo: "Kama mnajua zaidi yangu, mmenilipa ya nini?"

Siku ile nilikata simu. Jibu nalitoa hapa. Tulikulipa kwa sababu tunajua tusichokijua. Hatujui besi inafanya nini kwenye spika ambazo hatuna. Hatujui kama sauti yangu inachoma masikio kwenye herufi "s". Hayo ndiyo yako. Lakini kipi ni takataka na kipi ni wimbo, hilo ni la aliyeutunga.

Na hakuishia kwenye neno. Alizibana nyimbo zote mpaka ukizitazama kwenye skrini kila moja imelala kama ubao uliopigwa randa. Ubeti wa taratibu na kiitikio cha kelele vikawa kimo kimoja. Ngoma zikasikika kama mtu anayepiga godoro. Nilipomwandikia, akajibu kwamba albamu lazima "ishindane". Ishindane na nani? Nilizipima. Zilikuwa karibu -6 kwa LUFS, kipimo cha ukubwa wa sauti (namba ikikaribia sifuri, sauti ni kubwa zaidi), kile ambacho watangazaji wa Ulaya walikifanya mwongozo wao mwaka 2010. Spotify kwa kawaida huurudisha wimbo mpaka -14. Kwa hiyo zile desibeli 8 alizotupigania zinapunguzwa pale pale msikilizaji anapobonyeza, ila mbano haupunguzwi. Unabaki na wimbo uliobanwa ambao hata sauti kubwa yenyewe hauna.

Jambo hili si geni kwa mtu wa kazi hiyo. Mwaka 2008 mashabiki wa Metallica walilalamikia albamu mpya ya bendi hiyo kwa kubanwa kupita kiasi, na ushahidi wao ulikuwa nyimbo zilezile ndani ya mchezo wa video wa Guitar Hero, ambamo zilisikika zikiwa na nafasi ya kupumua. Wale ni Metallica, wana watu wa kuwasemea. Sisi tuna nani?

Makubaliano yalikuwa marekebisho mawili. La kwanza alirudisha mwanzo wa wimbo wa nne, lakini chini ya mbano uleule. Mnajua mbano unafanya nini: kikubwa unakikandamiza, kidogo unakiinua. Pumzi yangu ikawa upepo wa dhoruba. "Tayari?" iliyosemwa kwa kunong'ona ikatoka kama ya mnadi aliyeshika kipaza sauti. Nililia, nasema kweli. La pili hakulifanya kwa wakati. Siku ya kutoa ilikuwa imeshapangwa na msambazaji, mpiga gitaa akasema afadhali kutokuwa na neno kuliko kuwa na neno lile. Tukatoa toleo lililofagiwa.

Albamu haikusikilizwa. Nilimlaumu fundi kwa hilo kwa muda mrefu, na bado kuna siku namlaumu. Nikitulia najua kwamba tuliitoa bila mpiga ngoma, kwa hiyo bila maonyesho, na bila mtu yeyote wa kuitangaza. Wanaofungua wimbo wanauacha kwenye sekunde ya kumi na kitu. Ila je, zile sekunde tatu za mwanzo zingemshika mtu mmoja? Wawili? Swali hilo siwezi kuliondoa kichwani.

Kipindi hicho nilikuwa nasoma sana habari za Zombies, bendi ya Uingereza iliyorekodi albamu yake mwaka 1967, sehemu kubwa pale studio za Abbey Road. Kampuni ilipotaka na miksi ya stereo, wawili kati yao wakailipia mfukoni mwao. Albamu ilitoka mwaka 1968 bendi ikiwa imeshavunjika. Haikuuzika, kisha mwaka 1969 wimbo wake mmoja ukapanda mpaka nafasi ya 3 Marekani wakati hakuna bendi tena ya kuupiga. Kilichonigusa zaidi ni jalada. Mchoraji alikosea herufi, akaandika "Odessey" badala ya "Odyssey", na kosa lile likaachwa. Liko pale mpaka leo na watu wanalipenda. Yao ni kosa kweli na likabaki. Letu halikuwa kosa, likafutwa.

Sasa haki niliyoahidi. Besi ya wimbo wa saba, ambayo sisi na aliyetumiksia tulihangaika nayo wiki nzima, fundi huyu aliinyoosha. Kwenye simu inasikika, kwenye spika kubwa haingurumi ovyo. Na ule mkwaruzo wa sauti yangu kwenye wimbo wa pili aliuondoa bila kuniondoa mimi. Masikio anayo. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi, maana angekuwa hajui kazi ningemsamehe mapema.

Halafu wiki iliyopita, muda mrefu baada ya sisi kukata tamaa, ikaja faili. Hakuna salamu, hakuna maelezo. Wimbo wa nne peke yake. Nimeufungua leo tu, nilikuwa nauogopa. Kiti kinalia. Navuta pumzi. Na sauti ya mpiga ngoma, chini, upande wa kushoto, mbali kidogo, pale pale alipokuwa amekaa usiku ule: "Tayari?" Kisha gitaa linaingia, na kiitikio kinapofika kinafunguka, kweli kinafunguka, kama tulivyokisikia chumbani. Nimepima. Ni karibu -13. Ameurudia wimbo mzima upya, bila kuombwa na bila kulipwa.

Kwa hiyo nimeigeuza kuwa nyota nne. Kisha nikakumbuka nyimbo tisa zilizobaki bado ni mbao, nikairudisha tatu. Kisha nikakumbuka ile simu, na sasa niko kwenye mbili na nusu, na mfumo hauruhusu nusu, basi mbili.

Ukienda kwao, omba kwanza wimbo mmoja wa majaribio kabla ya kulipia albamu nzima, usikilize pamoja na miksi yako vikiwa na sauti sawa, la sivyo kilicho juu kitakudanganya masikio. Na maelezo yako msomee mwenyewe kwa simu.

Fundi, kama unasoma hapa: wimbo umefika, na nimeushukuru kwa machozi. Tumeshamwomba msambazaji aubadilishe. Lakini lile la "mmenilipa ya nini" hukulifuta. Bado nakudai radhi.