Mapezi ya mashine ya boti: yapi ununue kwa maji yetu ya Uganda

Haupiti mwezi bila mtu kunipigia simu kutoka Kasenyi, Ggaba au Masese na swali lile lile: "Kaka, yale mabawa ya plastiki ya kufunga juu ya propela yanafanya kazi kweli, au ni urembo?" Jibu langu huwa refu kuliko salio lake, kwa hiyo naliandika hapa.

Kwanza tuelewane ni boti gani. Nasema boti za faiba au alumini za futi 14 mpaka 20, zenye mashine ya nguvu za farasi 15 hadi 60, zile za kupeleka wageni visiwani Ssese, za kuvua mputa (sangara) kwa fimbo, za kukimbiza bidhaa dukani Kome au Buvuma. Kama chombo chako ni mtumbwi wa mbao wa futi 28 unaobeba mukene (dagaa) na abiria na mashine ya 15, weka pesa yako mfukoni. Chombo kile hakipandi juu ya maji, kinayakata tu. Kwa hesabu ya urefu wake kinaanza kujichosha kikifika kama kilomita 13 kwa saa, na pezi halitabadilisha hilo. Litakuongezea mahali pa kunasa nyavu za watu.

Sasa boti ya faiba. Umepakia watu sita, jerikeni mbili za petroli na kreti za soda. Unafungua gesi, omo, yaani mbele ya boti, inanyanyuka kuangalia mbinguni, tezi, yaani nyuma, inazama, na kwa nusu dakika huoni mbele isipokuwa mgongo wa abiria aliyesimama kujaribu kukusaidia. Au imepanda vizuri, lakini ukifika kasi fulani inaanza kurukaruka kama chura, omo juu, omo chini, bila wimbi lolote. Au unakata kona na mashine inapiga kelele ghafla kama imefunguliwa gia, kwa sababu propela imevuta hewa badala ya maji. Magonjwa haya matatu ndiyo pezi hutibu.

Linavyofanya kazi si uchawi. Juu ya propela kuna bapa la alumini linalolala kama sahani. Pezi hufungwa juu ya bapa hilo na kulipanua kwa nyuma na pembeni. Maji yakipita kwa kasi yanalisukuma kwenda juu, tezi inanyanyuka, omo inashuka, na boti inapanda mapema zaidi. Ukipunguza gesi inabaki juu kwa kasi ambayo zamani ingezama. Kwenye kona upana ule unazuia hewa ya juu isishuke kwenye propela. Gharama yake ni mbili: kitu cha ziada kinachoburuzwa majini hupunguza kasi ya mwisho kidogo, na mzigo wote unaegemea bapa lile, ambalo kiwanda hakikulipima kwa kazi hiyo.

Kabla ya kununua, kuna jambo ambalo vitabu vya mashine vilivyoandikwa kwa watu wa pwani hukutajia kwa herufi ndogo. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya bahari. Hewa ni nyembamba, na mashine isiyo na tabo (kifaa cha kuisukumia hewa ndani) hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300. Kwa hiyo 40 yako, ile ile inayopaa Mombasa, hapa Entebbe inabaki kama 35. Bunyonyi, karibu mita 1,960, imepoteza kama sehemu moja ya tano. Wenzetu wa Ziwa Albert, pale Butiaba na Ntoroko, wako kwenye mita 620 hivi, ndiyo maana boti iliyokuwa mvivu Entebbe ikipelekwa kule inaonekana imepona yenyewe.

Dawa ya hapo ni propela ya pichi ndogo, pezi lije baadaye. Pichi ni umbali, kwa inchi, ambao propela ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja. Nyingi ya mashine za stroki mbili tunazotumia zinatakiwa kufika mizunguko 4,500 hadi 5,500 kwa dakika gesi ikiwa imefunguliwa yote. Azima mita ya mizunguko, pakia mzigo wako wa kawaida, fungua yote. Ikiwa haifiki, shusha pichi: kila inchi moja hukurudishia mizunguko 150 hadi 200. Mtu aliyeongeza pezi juu ya propela ya pichi kubwa anamfunga punda aliyechoka kwenye mkokoteni mwingine.

Na kuna mengine ya bure. Hamisha jerikeni na betri mbele. Angalia pini inayoweka mwinamo wa mashine: wengi wameiacha tundu la nje kabisa tangu siku ya kununua, na hilo peke yake linatosha kurusha omo juu. Irudishe ndani tundu moja, ujaribu. Kisha weka ubao mrefu ulionyooka chini ya boti, uupeleke mpaka kwenye mashine: bapa la juu ya propela liwe sawa na ubao huo au juu yake kwa kiasi kisichozidi inchi moja. Mashine ya shafti ndefu, inchi 20, ikikaa kwenye ubao wa nyuma uliokatwa kwa shafti fupi ya inchi 15, iko chini mno. Ukifunga pezi hapo litakuwa limezama muda wote, litaburuza, na ukikimbia sana litasukuma omo majini mpaka usukani uanze kukuvuta upande. Nimeona jamaa akilaani pezi lake mwaka mzima kumbe kosa lilikuwa msumeno wa seremala.

Umefanya yote hayo na boti bado inasumbua? Hasa wewe uliyehama kutoka stroki mbili kwenda stroki nne, maana 40 ya zamani ina kilo 70 na kidogo na hii mpya inakaribia 100, na uzito wote umekaa tezi. Basi twende dukani. Huu ni mpangilio wangu, kuanzia ninalolinunua kwanza.

La kwanza: pezi la kipande kimoja linalofungwa kwa kibanio, bila kutoboa. Mfano unaojulikana ni SE Sport, namba 200 kwa mashine za 8 hadi 40, na namba 300 kuanzia 40 kwenda juu. Lenyewe limetengenezwa kwa boliti, lakini kuna kibanio chake kinachouzwa kando kinachoshika bapa bila tundu hata moja. Naliweka juu kwa sababu ya biashara zaidi kuliko mwendo. Mashine hapa huuzwa mara tatu nne kabla ya kufa, na mnunuzi wa Uganda akiona matundu manne kwenye bapa anaanza kushuka bei papo hapo. Pia ukilichukia unalitoa jioni hiyo hiyo. Ubaya wake ni kwamba kibanio hakikai kwenye bapa la kila mashine, kwa hiyo piga picha ya bapa lako kwa juu na pembeni, pamoja na rula, kabla ya kuagiza. Na kaza tena baada ya safari ya kwanza. Mtetemo wa stroki mbili hulegeza chochote.

La pili ni pezi lile lile la kipande kimoja, lakini la boliti nne: SE Sport bila kibanio, au StingRay. Kwa mwendo sioni tofauti. Ni imara zaidi, halichezi, na kama mashine ni yako mpaka iishe, hili ndilo bora. Lakini kutoboa kunahitaji mkono mtulivu. Nililipia fundi mmoja wa mwaloni, pale boti zinapotua, aliyetumia kekee ya kutobolea mbao, akatoboa karibu mno na ukingo. Miezi minne baadaye, nikiwa nimeinua mashine kuosha, niliona mstari mwembamba kama unywele ukitoka kwenye tundu la kushoto hadi nje. Ulikuwa ufa. Bapa ni sehemu ya kasha zima la chini, haliuzwi peke yake, na kuchomelea alumini ile ni kazi ya watu wachache.

La tatu, bapa la chuma au alumini kama Permatrim. Hili si bawa lenye umbo, ni sahani pana inayorefusha bapa la asili. Halipindi, na kwenye boti nzito ya futi 20 lina nguvu kuliko plastiki. Mbona nimelishusha? Kwa sababu ya mawe. Plastiki ikigonga jiwe inavunjika yenyewe. Chuma kikigonga kinapeleka pigo lote kwenye mashine. Anayetua Kalangala kwenye fukwe za mchanga alipandishe daraja. Anayezunguka miamba ya Jinja aliache.

La nne, mabawa mawili yanayofungwa kila moja upande wake, kama Doel-Fin. Ni la zamani, rahisi kwa bei, na huwa linapatikana. Linasaidia kuinua tezi, sikatai. Lakini nyuma ya propela, katikati, halina kitu, kwa hiyo kwenye kona kali hewa bado hupata njia. Halafu fundi asipoyapanga sawa sawa, boti inalala upande mmoja na utasumbuka kusawazisha abiria safari nzima.

La mwisho, na hapa nitakuwa mkali: mapezi yasiyo na jina, yanayopimwa kwa jicho na kuuzwa kwa picha ya simu. Nililinunua moja. Lilikuja jepesi kama kifuniko cha sufuria, na boliti zilizoandikwa ni za chuma kisichoshika kutu. Zilishika kutu ndani ya wiki tatu, kwenye maji baridi yasiyo na chumvi! Mafundi vyuma wa Katwe, Kampala, nao watakukatia bapa la alumini kwa bei ya chakula cha mchana cha watu wanne, na ninawaheshimu kwa mengi, lakini alumini laini ya bati hujikunja kwenye kona ya kwanza. Wapelekee kazi ya viti na paa.

Utasikia pia kuhusu mabapa yanayofungwa kwenye ubao wa nyuma wa boti yenyewe, kulia na kushoto, mengine kwa umeme, mengine kwa gesi ya ndani kama mlango wa nyuma wa gari. Ni kifaa bora kuliko yote niliyotaja, kwa sababu hakigusi mashine na kinarekebisha hata boti inayolala upande. Bei yake na kazi ya kutoboa faiba chini ya mstari wa maji vinamfaa mwenye boti ya hoteli.

Gugumaji tulizungumzie kidogo. Tangu limeingia ziwani upande wetu mwishoni mwa miaka ya 1980, kila anayepita ghuba za Port Bell au Masese anajua desturi ya kusimama na kurudi nyuma ili propela iteme mizizi. Ukiwa na pezi, mizizi inabaki inaning'inia pembeni kama ndevu, na kurudi nyuma hakutoshi: zima mashine, vuta kamba ya usalama, iinue, utoe kwa mkono. Nyavu za uzi mwembamba ni vivyo hivyo, ila hapo chukua kisu. Na kurudi nyuma kwa nguvu na pezi kunavuta tezi chini, kwa hiyo fanya taratibu, hasa wapagazi wakiwa bado majini wanakupakilia abiria mgongoni.

Siku ya kufunga la boliti, pima mara tatu. Weka pezi katikati, chora alama, toboa kwanza kwa ncha ya milimita 3 kisha upanue hadi kipimo kilichoandikwa kwenye karatasi yake. Angalia chini ya bapa kabla ya kushika kekee, usije ukatoboa njia ya maji au ya moshi. Paka rangi ndani ya matundu, tumia nati zenye plastiki ndani.

Halafu lijaribu kama mtu mwenye akili. Mzigo ule ule, watu wale wale wamekaa pale pale, maji yametulia asubuhi. Kijana wangu wa tezi huhesabu kwa sauti tangu ninapofungua gesi mpaka omo iliposhuka. Bila pezi alifika kumi na tatu. Nilipofunga la kibanio alifika nane, na kasi ya mwisho ikapungua kilomita mbili kwa saa. Nikakubali biashara hiyo. Yeye hakukubali, alitaka zile kilomita mbili.