Kuchonga 4G63 hadi milimita 85.5 na kutia slivu moja: uzoefu wangu Nairobi

Bloku ya injini ya 4G63 ya Mitsubishi Lancer Evolution (Evo) yangu niliichongesha, yaani silinda zipanuliwe kidogo, katika karakana moja ya mashine pale Industrial Area, na gari limeshakimbia vya kutosha kwangu kuisema kazi yao kwa uhakika. Nawapa nyota nne kati ya tano.

Silinda tatu zilikuwa zimechakaa kawaida. Ya tatu kutoka upande wa taiming beliti ilikuwa na jeraha: klipu ya pini ya pistoni ilichomoka ikalima mfereji ukutani. Bahati ni kwamba bloku ya 4G63 ni chuma cha kusubu kitupu, kwa hiyo inachongeka bila matata. Kipenyo cha kiwandani ni milimita 85, nami nilitaka 85.5, lakini mfereji ule usingefutika hata kwa 86. Mzee anayesimamia mashine akashauri silinda hiyo itiwe slivu, yaani bomba la chuma linalokuwa ukuta mpya wa silinda, nyingine zichongwe tu, zote nne ziishie kipimo kimoja.

Wengi wanaochongesha injini hudhani wananunua ukubwa. Hebu piga hesabu. Pistoni ya 4G63 hupanda na kushuka milimita 88. Ukitoka 85 kwenda 85.5, cc 1997 zinakuwa takriban 2021. Nguvu gani utaipata kwenye cc 24? Unacholipia ni duara: silinda iliyonyooka toka juu hadi chini, ringi zikae sawasawa, presha ya turbo isivujie kwenye sampo, bakuli la oili chini ya injini. Ndiyo maana karakana naihukumu kwa vifaa vyake vya kupimia kwanza, mashine za kukatia baadaye.

Hapo ndipo waliponikosha. Swali la kwanza la mzee lilikuwa, "Pistoni ziko wapi?" Nikamwambia bado ziko njiani. "Basi kijana wangu, bloku nitaiosha na kuipima, lakini kisu hakigusi mpaka pistoni zifike." Alisema kweli. Nafasi kati ya pistoni na ukuta hutegemea aloi, na zangu ni za kufuliwa, aloi ya 2618, ambayo hutanuka sana ikipata moto. Aliyezitengeneza anataka nafasi ya karibu milimita 0.09. Zilipofika walizipima moja moja, wakazitia namba, kila pistoni ikachongewa silinda yake. Karakana nyingine niliyoiulizia kabla ya hapo walitaka niache bloku tu, eti saizi wanaijua. Niliaga.

Slivu yenyewe ilikuwa raha kuitazama. Walipanua silinda wakaacha kidato chembamba chini ili slivu isije ikateremka, wakaipasha bloku moto huku slivu imegandishwa. Ikashuka bila kugongwa nyundo, na joto lilipolingana ikabanwa. Kisha uso wa juu wa bloku ukasawazishwa wote kwa pamoja, gasketi ya chuma ipate pa kulala.

Kilichonifanya nisitazame kwingine ni bamba la kukazia. Ni bamba nene la chuma linalofungwa juu ya bloku mahali pa hedi (kifuniko cha juu cha injini), kwa stadi, zile bolti ndefu za hedi, zilezile na nguvu ileile. Stadi zikikazwa, kuta za silinda hupindika kidogo sana, ila kwa ringi kidogo hicho ni kingi. Ukisugua silinda kwa mawe ya kumalizia ukuta bila bamba, duara lako linaharibika siku unapofunga hedi. Wao wanalo la 4G63, na sishangai: injini hii ndiyo iliyompa Tommi Mäkinen Safari Rally ya 1996 na ya 2001, na Evo bado zinapendwa sana kwenye mashindano ya mbio za magari ya hapa kwetu.

Nyota niliyowanyima ni ya usafi. Bloku ilirudi ikiwa "imeoshwa", lakini kitambaa cheupe chenye mafuta nilichokipitisha ndani ya silinda kilitoka kijivu. Huo ni unga wa mawe, na unakula ringi. Niliiosha upya kwa maji ya moto, sabuni na brashi, nikapaka mafuta papo hapo kabla ya kutu. Tena hawaandiki vipimo kwenye karatasi mpaka uvidai. Vidai.

Slivu peke yake ilinigharimu zaidi ya kuchonga zile tatu zote, na sijutii. Kompresheni imelingana silinda zote nne, huwezi kujua ipi ina slivu. Moshi hakuna. Asubuhi za baridi za Julai pistoni hugongagonga kidogo mpaka injini ipate joto. Kwa aloi hii ni kawaida, usiogope.

Subaru yenye injini ya EJ25 ni habari nyingine. Kipenyo chake ni 99.5, bloku ni ya aluminiamu, na kutia slivu nene humo kunataka mashine ya kompyuta, ambayo pale sikuiona. Shemeji yangu anayo, nimemwambia asubiri. Hedi ya Evo nitawapelekea mimi mwenyewe.