Miezi kumi na minne na Anki: uzoefu wangu wa kujifunza Kijerumani

Mimi ni muuguzi, najiandaa kwa mtihani wa Kijerumani ngazi ya B1, yaani ngazi ya kati. Nilianza na daftari: neno kushoto, maana kulia, na kila jioni nasoma orodha kuanzia juu hadi chini. Baada ya miezi mitatu nikagundua kwamba nilichokariri ni mfuatano. Ukinitajia neno moja peke yake, nakwama. Mwenzangu wa darasani akanionyesha Anki, programu ya kadi za kukariri, kwenye simu yake tukisubiri daladala pale Posta, na tangu siku hiyo daftari limepumzika.

Programu hii ilitolewa mwaka 2006 na Damien Elmes, na jina lake ni neno la Kijapani lenye maana ya kukariri. Unatengeneza kadi, mbele swali, nyuma jibu. Ikikuuliza, unajibu kichwani, unaigeuza, halafu unabonyeza kimoja kati ya vitufe vinne kueleza kama umesahau, umekumbuka kwa shida, vizuri au kwa wepesi. Ulilosahau linarudi baada ya dakika chache. Ulilokumbuka linarudi baada ya siku, kisha wiki, kisha miezi. Kwenye kompyuta na Android ni bure. Kwenye iPhone unalipa karibu dola 25, mara moja tu. Kadi zikishaingia kwenye simu, hata bando likiisha unaendelea kusoma.

Mwanzoni nilipakua fungu la kadi za mtu mwingine, maelfu ya maneno, nikajiwekea 50 mapya kwa siku. Wiki ya tatu nikakuta kadi zaidi ya 400 zinanisubiri. Nililifuta lote, nikaanza kuandika zangu mwenyewe, 8 kwa siku. Hapo ndipo nilipoanza kujua Kijerumani.

Chukua vyombo vya mezani: kijiko ni der Löffel, uma ni die Gabel, kisu ni das Messer. Vitu vitatu kwenye sahani moja, jinsia tatu: der ya kiume, die ya kike, das isiyo ya kiume wala ya kike! Sisi tuliokua na ngeli hatushangai nomino kuwa na makundi, ila "ki" ya kijiko inakuonyesha njia, wakati Löffel halikuonyeshi chochote. Kwa hiyo siandiki nomino bila der, die au das yake, pamoja na wingi wake, na kila jinsia nimeipa rangi. Siku hizi nikisikia Gabel naiona nyekundu kabla sijafikiri.

Halafu kuna maneno sugu. Kadi ikikushinda mara 8, Anki inaitia alama, na inaweza kuiweka kando. Mimi ilikuwa entlassen, ambalo ni kumruhusu mgonjwa kutoka hospitali, na pia ni kumwachisha mtu kazi. Niliziweka maana zote mbili kwenye kadi moja, na kila siku nilikumbuka moja tu. Nikaigawa kuwa sentensi mbili, ya kwanza ikiwa Der Patient wird morgen entlassen, mgonjwa anaruhusiwa kesho. Haijanisumbua tena. Nawasihi wanaoanza: kadi moja, jambo moja, na liwe ndani ya sentensi ambayo wewe mwenyewe ungeisema.

Lakini kadi hazikufundishi kusikia. Blutdruck, yaani shinikizo la damu, nilikuwa nalijua kwa macho miezi mizima, ila kwenye zoezi la kusikiliza lilinipita kama upepo. Sasa kila kadi naitia sauti, na jioni nazungumza na mwenzangu kwa nusu saa, makosa yakiwemo. Hiyo nusu saa hakuna programu iliyoweza kunipa.

Nasoma alfajiri kabla ya zamu, dakika 20 hadi 25. Leo zilikuwa kadi 84. Ya mwisho ilikuwa der Löffel, na itarudi baada ya miezi saba.