Feni ya kuchaji kwa chumba cha bati: tathmini baada ya mwaka mmoja

Feni hii ya kusimama, ya inchi 16 na yenye betri ndani, niliinunua Kariakoo Januari mwaka jana kwa shilingi 115,000, kwa sababu mama yangu, mwenye umri wa miaka 71 na anayemeza dawa za presha, alikuwa hapati usingizi. Chumba chake kipo Manzese, ambako nyumba zimebanana. Paa ni la bati lisilo na dari, na kuta za matofali ya saruji hushiba jua mchana kutwa, hata ukiweka kiganja ukutani saa nne usiku bado unahisi uvuguvugu.

Mchana mtu hutafuta kivuli, lakini usiku wa Dar es Salaam kati ya Desemba na Machi hauna nafuu, kwa kuwa unyevunyevu hulizuia jasho kukauka, na moyo hulazimika kusukuma damu nyingi zaidi kwenye ngozi ili mwili upoe. Kwa mzee anayetumia kidonge cha kuongeza mkojo, maji mwilini hupungua upesi. Mama aliamka mara mbili akipepesuka, ndipo nikaenda dukani.

Feni haipoozi hewa. Hukausha jasho, kwa hiyo mahali pa kuiweka pana uzito kuliko kasi yake. Jua likizama tunaiweka dirishani ivute hewa ya nje, na wakati wa kulala tunaisogeza hadi hatua moja kutoka kitandani, kwa maana chandarua hukata upepo. Mama alikuwa ameanza kukikunja kwa sababu ya fukuto. Sasa amerudi kulala ndani yake, na kwangu hilo pekee limeilipa bei yote.

Kasoro ni betri. Muuzaji aliahidi muda wa saa nane umeme ukikatika, lakini kwa kasi ndogo tulipata saa tano, na baada ya kuiacha tupu wiki mbili, zikabaki tatu. Ichajiwe kila siku hata isipotumika.

Shirika la Afya Duniani linashauri feni isitumike joto likifikia nyuzi 40, kwani hapo huuongezea mwili joto. Hivyo saa nane mchana, bati likiwa limewaka, tunaizima na mama hukaa barazani na chupa yake ya maji. Mwenye uwezo aanze na dari, kisha anunue feni. Sisi tulianza na feni, na fedha za dari bado tunazikusanya.