Pakiti ya kujifungulia: ifungue kabla hujalipa

Pakiti za kujifungulia zinazouzwa maduka ya dawa, Kariakoo na jirani na hospitali, zinamwondolea mjamzito adha ya kuhangaikia kitu kimoja kimoja. Ndani mna mpira wa kutandika, pamba, gozi (kitambaa chepesi cha kufungia kidonda), glovu, kibanio cha kitovu, wembe, bomba la sindano na pedi. Ikifika wiki ya 36 iwe imeshawekwa pamoja na kadi ya kliniki. Ila ubora wake haulingani, hivyo muuzaji aifungue zipu mbele yako.

Anza na glovu. Za kuzalishia huja jozi moja ndani ya bahasha iliyofungwa, yenye saizi (7 au 7.5 huwaenea wakunga wengi) na tarehe ya mwisho wa matumizi. Kuna pakiti zimejazwa glovu za kupimia zilizochomolewa boksini. Hizo hazijatakaswa, usizikubali. Kibanio nacho kiwe kwenye bahasha yake. Usikijaribu, maana kikishalia tak hakifunguki tena. Tazama tu kama meno yamekaa sawa. Kikilegea, damu ya mtoto inavujia kitovuni. Wembe wa kunyolea urudishe, unaotakiwa ni wa upasuaji. Mpira uwe mzito. Nailoni nyepesi huchanika mama akigeuka.

Kasoro mbaya kuliko zote ni pakiti yenye ampuli (kichupa kidogo cha dawa) ya oksitosini. Sindano hii, yuniti 10 kwenye msuli ndani ya dakika moja mtoto akishatoka, ndiyo inayokaza mji wa mimba na kuzuia damu. Hutunzwa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8. Ikishinda rafuni kwa joto la Dar nguvu inapungua, na kwa kuitazama huwezi kugundua. Achana nayo, mama achomwe ile ya kwenye friji ya leba.

Kinachokosekana ni shuka la plastiki lenye mfuko wa kupimia damu. Khanga na pamba hunywa damu, na jicho hukadiria pungufu. Ikifika mililita 500 ni hatari. Utafiti wa E-MOTIVE wa 2023, katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, ulionyesha kuwa shuka hilo likienda pamoja na matibabu yanayotolewa kwa mpigo, madhara makubwa ya kutokwa damu hupungua kwa asilimia 60. Watengenezaji waliongeze.

Khanga hazimo. Beba nne, zilizofuliwa, zikaanikwa juani na kupigwa pasi: moja ya kumkaushia mtoto, moja kavu ya kumfunika akiwa kifuani kwa mama, mbili za mama.