Sindano ya kuongeza damu: dawa safi, duka ndiyo balaa

Sina ugomvi na sindano yenyewe, hilo lieleweke. Mama anasafishwa damu kwa sababu ya figo, na tangu aanze kuchomwa EPO, homoni inayouchochea mwili kutengeneza damu, hemoglobini imepanda. Ngazi za kwa dada sasa anazipanda mwenyewe, tena ananisimanga mimi ninayehema. Hasira zangu ni za duka la dawa.

Majuzi nimeenda kununua, bei imepanda tena. Nikauliza kistaarabu, "Samahani dada, mbona imepanda hivi?" Macho kwenye simu: "Kaka, hiyo ina hataza. Aliyegundua lazima alipwe. Kama hela huna sema tu, kuna watu nyuma yako." Kisha akanitumbukizia sindano kwenye mfuko wa kaki, bila hata kipande cha barafu. Dawa ya kukaa nyuzi 2 hadi 8, kwenye jua la Dar la saa nane mchana!

Aliyegundua yupi, kwanza? Hataza, yaani haki ya mgunduzi (patent), za mwanzo za EPO zilishakwisha muda kitambo, na zilipokuwa hai zilipiganiwa kweli kweli. Eugene Goldwasser wa Chuo Kikuu cha Chicago ndiye aliyeisafisha EPO ya binadamu, mwaka 1977, kutoka lita 2,550 za mkojo wa wagonjwa wa Japani. Hataza hakupata. Fu-Kuen Lin wa kampuni ya dawa ya Amgen, Marekani, akaikamata jeni ya EPO mwaka 1983, ndiyo ikawezekana kuitengeneza bila mkojo, na hataza zikaenda Amgen.

Washindani wakauliza mahakamani: jipya liko wapi? Uingereza, mwaka 2004, House of Lords, wakati huo mahakama ya juu kabisa huko, ikalifuta dai la EPO yenyewe. Kitu kilichokwisha kutoka kwenye mkojo hakiwi kipya eti kwa sababu kimetengenezwa kwa njia nyingine. Marekani ubishi ukanoga zaidi, maana Goldwasser alishawachoma wagonjwa watatu EPO ya mkojo. Chembe changa za damu ziliongezeka, ila kiwango cha damu hakikupanda. Hiyo ni tiba au si tiba? Maana kama ni tiba, ya Amgen si mpya. Mahakama ya chini ikasema hataza haiguswi, ya rufaa mwaka 2006 ikalirudisha suala chini tena.

Niliposoma hayo nilikuwa upande wa Goldwasser moja kwa moja. Lakini jamani, mkojo wa Japani ungemfikia nani huku? Bila ile jeni ya Lin mama asingeonja hata tone. Basi Amgen nawapa haki yao. Nusu. Yule dada wa kaunta hata robo simpi, maana hataza anaitaja kama ngao tu na hajui hata ya nani.

Dawa nyota tano. Duka nilitaka kulipatia nyota mbili, kwa vile mzigo huwa hawakosi. Nikikumbuka ule mfuko wa kaki, moja, nayo ya huruma. Barafu nilinunua kwa muuza maji hapo nje, na yeye alinifungia vizuri bila kuombwa.

Mwenye kujua duka lingine Dar linalofunga sindano na barafu, aniambie tafadhali.